Pazia Likifunguka, Hatoki Mtu

Chumba cha mashine, Ukumbi wa Kwanza
4 Februari

Mpwa wangu mpendwa, Mama Maswali,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu, ninautangazia ukoo wetu wote, walio macho na wanaosinzia, kwamba leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, mimi mjomba wako nimekabidhiwa rasmi kiti kipya chenye magurudumu. Magurudumu yanapaswa kuwa matano. Yamefika manne. La tano, nimeelezwa, liko njiani. Mlinzi alipiga makofi mara tatu, kisha akakumbuka ameacha geti wazi akakimbia. Sherehe ikaishia hapo.

Kile cha zamani nilikikalia miaka kumi na minane. Kilikuwa kimeshachukua umbo langu, jambo ambalo si sifa njema kwa kiti.

Unaniuliza kila mara nafanya nini humu ndani siku nzima. Zamani ningekuwa na jibu la kujivunia. Mikanda ya filamu ilikuwa mizito kama magunia, ikikatika unaiunganisha huku ukumbi mzima unakupigia miluzi na kumtaja mama yako. Siku hizi filamu inakuja kwenye kisanduku kidogo kama kipande cha mkate. Nabonyeza kitufe, taa za ukumbi zinazimika zenyewe, pazia linafunguka. Ikiisha, taa zinawaka. Katikati hapo kazi yangu ni kutolala. Mashine hizi zilipokuja tulikuwa mafundi saba kwenye kumbi saba. Sita walirudishwa nyumbani, nikabaki mimi, nazunguka kufundisha watu kubonyeza. Usiniulize kwa nini mimi. Huenda ni uzuri wa sura.

Mama yako ananicheka eti watu wa leo wanapigiana simu, sisi tunaandikiana kama wafungwa. Mwambie dada yangu kwamba kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika penye utani.

Mwanao Bibi Mdogo anaendeleaje? Kifua chake kimetulia au bado kinapiga filimbi? Mwambie babu yake amempa ruhusa ya kukisukuma kiti siku akija. Ana miaka sita, atamudu.

Mjomba wako, ambaye sasa ni mwenyekiti

~

Stoo ya vitabu, shuleni
11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hongera kwa kiti. Nimewasomea barua hapa nyumbani, mama akasema hata ulipofunga ndoa hukutoa tangazo refu hivyo.

Bibi Mdogo alibanwa tena wiki iliyopita, katikati ya hesabu. Unajua stoo yangu na darasa lake vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Nilisikia kile kikohozi cha pili, kile kikavu, kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Nikafika na pampu yake, akavuta mara mbili, akatulia. Zawadi yangu ilikuwa barua ya onyo kutoka kwa mwalimu mkuu: naacha stoo wazi kila mtoto akikohoa. Miaka tisa nahesabu vitabu vilevile, Mjomba. Vumbi lake nalijua kwa ladha.

Sasa sikiliza habari. Kampuni yenu inafungua ukumbi wa nane hapa kwetu. Lile ghala la zamani mkabala na posta, wamelipaka rangi, wameweka vioo. Wanatafuta wafanyakazi, pamoja na msimamizi wa zamu. Na dirishani wamebandika Sauti za Wafanyakazi. Je, unazijua? Nilisimama juani nikazisoma zote kumi na mbili. Mzee wa Tiketi alinichekesha hadi watu wakanitazama. Lakini ya Mama wa Usafi nimeinakili:

"Mwanangu aliugua ghafla katikati ya onyesho. Kabla sijamaliza kuomba ruhusa, meneja alikuwa ameshashika funguo za gari. Alitupeleka hospitali mwenyewe, akakaa nasi hadi homa iliposhuka. Wengine wana waajiri. Mimi nina watu."

Mjomba, nililia pale dirishani. Mtu hawezi kubuni sentensi kama ile ya mwisho. Huyo kayaishi.

Nataka kuomba ile kazi ya usimamizi. Nisemee neno ofisini. Wewe una miaka ishirini na miwili humo, neno lako lina uzito.

Mpwa wako, mla vumbi

~

Chumba cha mashine
16 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa. Bahati nzuri, maana kiti kilitaka kukimbia.

Ngoja nikupe ushauri wa mtu mzima. Kwanza, ukifanya kazi kwenye sinema utanuka bisi hadi siku ya mazishi yako. Nywele, mto, hata sabuni inanuka bisi. Pili, utachoka na filamu. Nimemwona shujaa mmoja akifa mara nne kwa siku kwa wiki tatu, na hata siku moja hakujifunza kutoingia lile jengo. Tatu, zile sare. Rangi yake haijapata jina katika lugha yoyote, na wewe ni mtu unayependa kupendeza.

Nne, una ukuta wa mbao. Hii sitaki uicheke.

Kuhusu maandishi ya dirishani, mama, hayo ni maandishi ya dirishani. Sanamu la dukani huvaa suti nzuri kuliko yangu, lakini halijawahi kwenda popote nayo.

Kaa na vumbi lako. Vumbi halina zamu.

Mjomba wako

~

Nyumbani
23 Februari

Mjomba, shikamoo.

Umenipa sababu nne, tatu za utani na moja ya kuniambia nikae pale pale. Nimejiuliza sana. Mjomba anaona haya? Anaogopa watu waseme kaingiza ndugu? Au anaona mpwa wake wa stooni hatoshi kusimamia watu sita na mashine ya bisi?

Kwenye harusi ya mama mdogo ulisimama na kipaza sauti, hakuna aliyekuomba, ukasema Kampuni ni familia yako ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anailalamikia kazi yake nilikuwa nasema, mjomba wangu ana kazi anayoipenda. Leo nataka kidogo ya ulichonacho, unaniambia nitanuka.

Basi nimekwenda mwenyewe. Waliniuliza kwa nini nimewachagua wao. Nikawasomea Mama wa Usafi, kwa kichwa, neno kwa neno, na nikawaeleza kuhusu Bibi Mdogo na pumu yake. Walitazamana wakatabasamu. Yule mama mkuu wa Ofisi ya Wafanyakazi akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nimeipata. Naanza tarehe mosi. Funguo za stoo nimeshakabidhi, na wameshapata mtu, bwana mmoja mpole anayependa kimya. Mwakani Bibi Mdogo angehamia jengo la ng'ambo ya uwanja hata hivyo, ukuta wa mbao ungebaki na mimi na panya.

Sikukasirikii. Nimekasirika kidogo.

Mpwa wako, msimamizi wa zamu

~

Kwa Mkuu wa Wafanyakazi
Ofisi Kuu
25 Februari

Kuhusu: Maelezo ya "Mama wa Usafi"

Mheshimiwa,

Salamu za kazi. Ninaomba maelezo niliyoyaandika kwa jina la Mama wa Usafi yaondolewe kwenye dirisha la ukumbi wa nane na kwingineko kote.

Yale mengine niliyowaandikia siyasemi. Mzee wa Tiketi hana madhara, maana hayupo. Lakini Mama wa Usafi alikuwepo, nawe unajua kama ninavyojua mimi kwamba mambo hayakwenda hivyo. Sasa kuna mtu ameyaamini. Ni mwanamke mwenye mtoto mwenye pumu, na ni damu yangu. Ikiwezekana apewe ruhusa ya kukaa na simu yake akiwa zamu. Ni ombi dogo.

Naomba radhi kwa usumbufu. Utendaji wa kiti kipya ni mzuri.

Fundi wa mashine, Ukumbi wa Kwanza

~

Ofisi ya Wafanyakazi
3 Machi

Ndugu Fundi,

Tumepokea barua yako na tumefurahi kusikia habari za kiti.

Maelezo ya Mama wa Usafi ndiyo yaliyopendwa kuliko yote. Katika ukumbi wa nane, kina mama tisa kati ya kumi na wanne waliosailiwa waliyataja. Hatuoni sababu ya kuondoa kitu kinachowapa watu moyo. Kuhusu simu, utaratibu ni mmoja kwa kumbi zote, na ndugu yako ni msimamizi: yeye ndiye wa kutoa mfano.

Tunakukumbusha kwa upendo kwamba mashine za sasa zinaweza kuwashwa na yeyote mwenye kidole. Wewe tulikubakiza kwa ajili ya kalamu yako.

Tunaomba maelezo mengine matatu kabla ya mwisho wa mwezi. Moja liwe la mama mwenye mtoto mwenye maradhi ya kudumu. Wazo hili tumelipata kwa msailiwa mmoja aliyetugusa sana.

Wako katika familia ya Kampuni,
Mkuu wa Wafanyakazi

~

Nyumbani
18 Machi

Mjomba, shikamoo.

Wiki mbili na nusu sasa. Ulisema kweli kuhusu bisi. Bibi Mdogo ananinusa shingoni nikirudi, anasema mama ana chumvi. Rangi ya sare pia nimetafuta jina lake nimeshindwa. Hiyo nakupa.

Watu wangu sita ni wazuri. Meneja ni mtu wa kutafuna vijiti vya meno, hana neno baya, hana neno zuri. Ila kuna jambo moja nataka kukuuliza, maana mimi ndiye Mama Maswali.

Kuna kopo. Kopo la biskuti, la bati, lenye picha ya maua. Kila zamu ikianza nazunguka nalo, kila mtu anatia simu yake, ya kwangu kwanza ili wengine waone. Meneja analifungia kabatini. Wanasema ni ili mtu asirekodi filamu akaiuza mtaani. Sawa, hilo naelewa. Halafu mlango wa wafanyakazi unafungwa. Mlinzi ameambiwa aufungue taa za ukumbi zikiwaka, si kabla. Siku ya kwanza meneja alitupanga mstari akatuimbisha kama watoto wa chekechea: "Pazia likifunguka?" nasi, "Hatoki mtu."

Nikamwuliza, na mtu akipata dharura? Nikamtajia Mama wa Usafi. Akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo, akasema, "Ile ya dirishani? Hiyo ni Ukumbi wa Kwanza. Huko wana mambo yao."

Ukumbi wa Kwanza ni kwako, Mjomba. Basi huyu mama unamjua. Mbona hukusema? Nisalimie kwake. Muulize alizungumza vipi na meneja wake, ili na mimi nijue pa kumshikia huyu wangu. Nadhani wa kwetu hajaelewa tu jinsi Kampuni inavyotaka mambo yaende.

Shuleni nimewaachia namba ya dirisha la tiketi. Dada wa tiketi ameahidi akipigiwa atanifikishia ujumbe.

Mpwa wako, mbeba kopo

~

Chumba cha mashine
24 Machi

Mpwa wangu,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili ziko kwenye pipa.

Mama wa Usafi nilimfahamu. Hayupo tena kazini. Aliondoka, sina hakika alikwenda wapi. Alikuwa mtu wa kusema kidogo.

Sikiliza. Usitie simu yako koponi. Tafuta simu nyingine, mbovu, isiyowaka, hiyo ndiyo uitie kwa madaha mbele ya watu, ya kweli ukae nayo kwenye soksi. Najua utasema huwezi kuwadanganya watu wako sita. Wadanganye. Nakuomba.

La pili, nenda kwa mwalimu mkuu ukamwambie ulikosea. Piga magoti ikibidi, magoti yako bado mapya. Akikupa kufagia uwanja, fagia.

Kuna mambo siwezi kuyasema kwenye karatasi. Niamini tu kwamba mjomba wako, pamoja na mdomo wake mrefu, mara moja moja hujua anachosema.

Usinipigie simu kwa hili.

Mjomba wako

~

Wodi ya watoto
10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama amekwambia kidogo kwenye simu. Ngoja nikwambie mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano, onyesho la saa nane mchana. Bibi Mdogo alibanwa muda mfupi kabla ya kengele ya mwisho. Bwana wa stoo alisikia akikohoa, akadhani ni mafua. Mwalimu alipomfikia midomo ilikuwa imeshabadilika rangi, na pampu ya begini ilikuwa imeisha. Ile mpya ilikuwa kwenye mkoba wangu, kazini. Walipiga simu yangu mara kumi na saba. Nimezihesabu baadaye, kwenye kopo. Kisha wakapiga dirisha la tiketi. Dada wa tiketi alikuja mbio, tena na viatu mkononi.

Nikamwendea meneja. Nikamwambia, mwanangu hapumui, naomba mlango. Akatazama saa. Akasema filamu imebakiza dakika thelathini na tano, akinifungulia mimi atawafungulia wote. Nikamwambia ya Mama wa Usafi. Nikamsomea, Mjomba, nikiwa nimesimama pale mbele yake, nikamsomea hadi mwisho, "mimi nina watu." Akasema, "Dada, tusubiri taa."

Na nilisubiri. Ushauri wako wa soksi nilikuwa nimeucheka. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kupita mlango wa wateja na ile sare yangu, nani angeniua? Nilisimama karibu na mlango wa chuma kama mtu anayesubiri lifti.

Mpishi wa shule ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali. Nilipofika walikuwa wameshamtia mpira wa hewa. Siku ya tatu alifumbua macho. Leo ni ya nane. Ananitazama, ananishika kidole, lakini hajasema neno, na daktari nikimuuliza kama ataongea ananiambia tusubiri. Kila mtu ananiambia nisubiri.

Jana Ofisi ya Wafanyakazi wamenitumia kadi ya pole yenye maua, na fomu. Nieleze kwa maneno yangu mwenyewe jinsi Kampuni ilivyosimama nami wakati mgumu. Kama sina nguvu ya kuandika, wanasema, wana mtu mzuri sana wa kunisaidia.

Sitaki kuwalaumu. Nimekaa hapa usiku na mchana nikifikiri, na naona kosa ni langu. Mama wa Usafi aliomba, akapewa. Mimi niliomba, nikanyimwa. Basi kuna namna ya kuomba ambayo yeye aliijua. Labda alilia. Labda alipiga magoti. Labda mimi niliongea kama msimamizi badala ya kuongea kama mama.

Mtafute, Mjomba. Popote alipo. Muulize alitumia maneno gani.

Mpwa wako

~

Nyumbani
13 Aprili

Mpwa wangu,

Leo sina tangazo.

Kesho nitapanda basi la asubuhi. Barua hii namkabidhi dereva wa basi la leo jioni ili itangulie, kwa sababu nataka uisome kabla hujaniona uso. Ninajijua. Nikikaa mbele yako nitatafuta utani, na nikiupata nitatorokea hapo. Nitakaa kwenye benchi la nje ya wodi. Ukitaka niingie, utaniita. Usipotaka, nitaendelea kukaa.

Yule mtu mzuri sana wa kukusaidia kuandika ni mimi.

Mama wa Usafi hakuandika yale maneno. Niliyaandika mimi. Mzee wa Tiketi ni mimi. Dada wa Bisi anayesema amekuwa binti mwenye ndoto ni mimi, na masharubu yangu haya. Ni maelezo arobaini na manne kwa miaka mitano. Mashine mpya zilipokuja, mafundi wenzangu sita walirudi nyumbani, mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi niliitwa ofisini nikaambiwa, wewe una mkono wa kuandika, na watu wameanza kutusema vibaya huko nje, hatupati wafanyakazi. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na sijui kazi nyingine. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya chetu hakikuwa na miguu, nikakiazimisha yangu.

Na nitakwambia la aibu zaidi: nilifurahi. Uliponiandikia kwamba mtu hawezi kubuni sentensi kama ile ya mwisho, nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika nzima kabla ya kuogopa. Niliwaandikia ofisi waiondoe. Walikataa, wakaniomba mengine matatu, moja la mama mwenye mtoto mwenye maradhi ya kudumu. Niliyaandika yote matatu. Nilimpa yule mtoto pumu. Wewe ulikuwa umeshaanza kazi.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha kuniita mtu mwenye kazi anayoipenda. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo. Nimeitafuta.

Juzi nilichukua daftari langu lenye maandishi yote, pamoja na makosa yaliyokatwa katwa, nikampelekea afisa wa kazi wa serikali. Ni mama mmoja wa miwani, alisoma saa nzima bila kuinua kichwa. Kisha akaniuliza, "Na huyu wa usafi yuko wapi?" Nilikuandikia sijui alikokwenda. Nilikuwa najua. Anafua nguo za watu nyuma ya soko, dakika kumi kwa mguu kutoka chumba changu cha mashine, na kwa miaka miwili nimekuwa nikizunguka njia ndefu ili nisipite pale. Tulikwenda. Amekubali kusema. Afisa anataka kukusikia na wewe, na dada wa tiketi, ukiwa tayari. Ofisi Kuu wameshapata habari; onyesho la leo mchana limewashwa na mtu mwingine mwenye kidole.

Sasa yaliyotokea kweli.

Ilikuwa Jumamosi, onyesho la saa nane mchana, ukumbi umejaa. Mwanawe alikuwa na miaka minne. Aliachwa kwa jirani akiwa na homa, homa ikapanda, akashikwa na degedege. Jirani alimwacha kwa mwenziwe ampeleke hospitali, akaja mbio hadi getini, maana simu ilikuwa koponi. Mlinzi akampelekea meneja habari, mama mwenyewe akisikia, meneja akasema filamu ikiisha. Hakuna gari lililowashwa. Hakuna funguo zilizoshikwa. Ilipoisha, mama alitoka na ndoo bado iko mkononi, akaitupa barabarani. Alipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshafunikwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi wauza duka wa mtaa mzima walikuwa wanaisema Kampuni. Ofisi wakaniagiza niandike kitu cha kutuliza. Nikaandika kinyume cha kila kitu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayegeuza nguo ndani nje.

Yeye hajui kusoma. Miezi mingi baadaye alinikuta chini ukumbini, akanionyesha ubao wa matangazo kwa mpini wa fagio. Alikuwa amesikia kuna maneno ya mama wa usafi. Akaniomba nimsomee. Ningeweza kumsomea kitu kingine, lakini uongo mwingine haukunijia, nikamsomea kama ilivyo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Huyo mama ana bahati." Akamaliza kufagia safu ile, na Jumatatu hakuja kazini.

Umeniuliza alitumia maneno gani. Juzi nilimuuliza kama anayakumbuka. Aliniambia, "Unayakumbuka wewe."

Ni kweli. Hakubishana na meneja. Alikuwa mwerevu kuliko sisi wote: alijua mlinzi hufungua mlango taa zikiwaka, na alijua nani anaweza kuziwasha. Alipanda ngazi akaja kwangu. Hakulia. Hakupiga magoti. Alisimama mlangoni akasema, "Fundi, nakuomba, zima kidogo taa ziwake nitoke. Mwanangu anakufa."

Hapo hakuna neno lililopungua, mpwa wangu. Na kwenye yako halikupungua. Usilitafute tena.

Kitufe kilikuwa mbele yangu, karibu kuliko kikombe cha chai. Nikafikiria miluzi ya watu, nikafikiria wale mafundi sita. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama, inakaribia kuisha." Ilikuwa imebakiza dakika hamsini na mbili. Alikaa kwenye ngazi, nikimwona bega. Mimi niligeukia kioo nikaiangalia ile filamu hadi mwisho.

Mjomba wako